Mama Uzi na Mfua Kengele

Jumatano, 4 Machi

Mvua ya kwanza. Paa linavuja pale pale pa mwaka jana, juu ya meza ya kukatia. Nimeweka karai.

Naandika nyuma ya daftari la vipimo kwa sababu mbele kumejaa vifua na viuno vya watu. Leo mwanangu amepiga simu, baada ya miezi minne. Tulimwita Chiriku kwa sababu alianza kuongea kabla hajamaliza kuota meno, na tangu baba yake afariki mwaka juzi, chiriku huyo hajaimba tena masikioni mwangu. Yuko nchi ya mbali, anapanga vifurushi kwenye ghala, zamu ya usiku.

Akasema, "Mama, simu siiwezi. Nikisikia sauti yako kifua kinabana. Sikuchukii. Siwezi tu."

Nikamuuliza, "Sasa tutaongea kwa njiwa?"

Akacheka kidogo, nilimsikia vizuri. Akaniambia kuna mchezo wa kompyuta anaoucheza kila siku akitoka kazini, wakati huku kwetu ni alasiri. Ni nchi nzima, watu wanaingia kutoka kila upande wa dunia, wanatembea, wanapigana na majoka. "Ukija kule nitakupokea. Ila kule hatumzungumzii Baba."

Nikasema sawa. Mimi, na miaka yangu hamsini na minane, nimesema sawa. Kama mlango uliobaki ni huo, nitapita hata kwa magoti.

Jumamosi, 7 Machi

Shemeji ameleta mashine. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, fundi wa redio na televisheni, tumbo linatangulia na maneno yanalifuata. Kompyuta ni ya mteja aliyehama bila kuifuata. Ameiweka pembeni ya cherehani, akachomeka nyaya, akajipangusa jasho na kitambaa cha mteja wangu. Nikampiga na futi ya kupimia.

"Shemeji, kaka alikuoa kwa sababu ya kushona. Mimi nitakuoa kwa sababu ya gemu."

"Wewe maliza nyaya, mkeo anakusubiri na mwiko."

Kwanza unachagua kazi. Kuna mpiga upanga, mrusha mishale, mwizi (wizi nao umeandikwa kazi, sina la kusema) na mchuma majani. Nikachagua mchuma majani kwa sababu ana kapu, na mtu mwenye kapu hakai bure. Jina nikaandika Mama Uzi.

Jumapili, 8 Machi

Sijui niandikeje haya.

Nilibonyeza, giza likatanda, kisha kukapambazuka. Kukapambazuka kweli, humo ndani ya kioo. Bonde, ukungu unapanda kutoka mtoni, milima nyuma ya milima, na juu ya ule wa mwisho theluji inang'aa kama shuka jipya. Nilikaa mdomo wazi. Nilipovuka mto nilijikuta nimeinua pindo la gauni langu, hapa, kwenye kiti, lisilowe. Shemeji alicheka mpaka akaketi chini.

Halafu akatokea mtu wa chuma, mrefu kama mlango wa ghala, ngao mgongoni, joho la bluu limemfika visigino. Juu ya kichwa pameandikwa NGAO. Herufi zikatokea chini: "Karibu Mama. Usikanyage uyoga mwekundu."

Ni mwanangu. Yule niliyemfunga vifungo vya sare ya shule. Nilimzunguka mara mbili nikiangalia lile joho. Limekatwa mshazari, ndiyo maana linaanguka vizuri namna ile. Aliyelitengeneza anaijua kazi. Nikamwandikia hivyo. Akajibu, "Mama, watu wote huangalia upanga."

Nikakanyaga uyoga mwekundu, nikafa.

Jumatatu, 9 Machi

Nimekufa tena. Uyoga.

Alhamisi, 19 Machi

Mvua siku ya sita mfululizo. Karai linajaa kwa saa mbili. Sare za kwaya ishirini na mbili na sijashona hata nusu.

Leo nimeelewa kitu. Tulikuwa sokoni, humo mchezoni, watu mia wanapiga kelele, wanauziana panga na ngozi. Ghafla kengele zikalia. Hazikulia sokoni peke yake, zililia nchi nzima, kutoka kila bonde, moja inaita na nyingine inaitika. Watu wote wakasimama. Majitu, wachawi, wezi, wote kimya na vichwa wameinamisha. Nywele zilinisimama.

Nikamuuliza Chiriku kumetokea nini. Akaandika, "Kuna mtu amekuwa Tabibu."

Shemeji ndiye aliyenieleza. Kila kazi ina daraja la juu. Mpiga upanga anaweza kuwa Mlinzi wa Lango, mchuma majani anaweza kuwa Tabibu. "Lakini daraja halinunuliwi, Shemeji, wala hupewi kwa sura nzuri. Kuna mitihani. Na aliyefaulu hamwambii mwingine jinsi alivyofaulu, akisema anavuliwa. Wengi wanacheza miaka na hawavuki."

"Na Chiriku?"

"Chiriku ni Mlinzi wa Lango. Hilo joho unalolipima pima, ndilo hilo."

Baadaye nikawa namwangalia anavyowapanga watu. Kikundi chake ni cha wanne, wageni watupu, na akisema simama wanasimama. Nyumbani alikuwa hawezi kumwamuru hata kuku. Nilijisikia mdogo, na nilifurahi kujisikia mdogo.

Jumanne, 24 Machi

Nimeshona zipu ya suruali ya Mwalimu Mkuu juu chini. Akili iko bondeni.

Alhamisi, 2 Aprili

Kikundi cha Chiriku kinataka kuvuka mlima wa theluji. Njia yake hufunguka mara moja kwa msimu na itafungwa tarehe thelathini na moja Mei. Tabibu wao ameacha kucheza, na bila Tabibu hakuna kuvuka. Nilikuwa pembeni nachuma, wakasahau kuwa naona wanachoandika.

Mrusha mishale wao akaandika, "Majani ya Mama Uzi yanatibu kikohozi, hayatibu joka."

Wengine wakamsihi Chiriku anibebe, anipitishe mitihani. Chiriku akajibu: "Simbebi. Akilitaka daraja atalitafuta. Akilipata, naenda naye mlimani."

Kwanza iliniuma. Nikazima mashine, nikashona kola nne kwa hasira. Kwenye kola ya tano nikayarudia maneno yake. *Naenda naye.* Ni miaka miwili hajasema kwamba atakwenda mahali popote na mimi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Nimepiga moyo konde, naenda kuinama.

Jumamosi, 11 Aprili

Mtihani wa kwanza: kupanda ngazi elfu moja za jabali na bakuli la maji, tone lisimwagike. Upepo unapuliza, ndege wanakurukia usoni. Shemeji alijaribu kabla yangu, akayamwaga kwenye ngazi ya tisa. Mimi nimefika juu. Miaka thelathini na tano ya kutunga uzi kwenye sindano si mchezo, au kumbe leo imekuwa mchezo.

Juu kule kuna sanamu ya mwanamke aliyekaa, kubwa kuliko jengo lolote nililowahi kuliona kwa macho, na mto unatoka kwenye mapaja yake. Nilisimama chini ya goti lake karibu nusu saa. Mteja alibisha hodi nikamwambia arudi kesho.

Jumatano, 15 Aprili

Mvua. Karai. Sare kumi na nne tayari.

Jumamosi, 18 Aprili

Mtihani wa pili: kumtibu askari aliyekuchomea kapu. Mbele ya macho yako anakuchomea kapu na majani yako yote, halafu anaanguka mtaroni na mguu umevunjika. Nilimwacha hapo kwa dakika kumi na tano nikiendelea na kazi zangu za kweli, ajue. Halafu nikamtibu, huku namtukana. Mchezo hausikii matusi, nimefaulu.

Chiriku aliandika maneno mawili, "Haraka hivyo!" Nimeyatazama kama cheti.

Alhamisi, 23 Aprili

Mtihani wa tatu, wa mwisho.

Kibanda mlimani, chumba kimoja, mshumaa dirishani. Kitandani kuna mzee, Mfua Kengele, ndiye aliyezifua zile kengele zote za nchi. Kwenye mlango pameandikwa: *Huyu ndiye mgonjwa wako.* Basi. Juu ya kitanda kuna mstari mwekundu unaonyesha uhai wake, na umebaki kama upana wa kidole.

Nikaingia kazini. Mzizi wa njano, gome, asali. Natwanga, nachemsha, namnywesha. Mstari unapanda kidogo, unashuka zaidi. Yeye anaongea ongea. Mara akageuza kichwa akauliza, "Upo?" Chini pakatokea neno *Nipo*, ukitaka kumjibu unabonyeza kitufe kile kirefu. Sikuwa na nafasi, nilikuwa natwanga. Neno likafifia.

Mshumaa ukazimika. Kitanda kitupu. Mlangoni pakaandikwa: *Hukuwa tayari. Rudi kesho.*

Kibanda kinafunguka mara moja tu kwa siku. Sawa, kesho nitakuja na mizizi zaidi.

Ijumaa, 24 Aprili

Mizizi mara mbili. Amekufa.

Jumapili, 26 Aprili

Nimemshonea blanketi humo humo mchezoni, kwa ngozi ya mbuzi wa mlimani. Blanketi zuri. Amekufa nalo.

Jumanne, 28 Aprili

Amekufa. Sare zimekwisha, kwaya wamezichukua. Wamesema mikono inabana. Haibani, wamenenepa.

Jumapili, 3 Mei

Mara ya saba. Nimetumia ua la samawati linalochanua kwenye jabali moja tu la nchi nzima, nililolitafuta siku nne. Mstari ulipanda mpaka nusu! Nilipiga kelele. Shemeji aliyekuwa mlangoni na kikombe chake akaja mbio. Halafu mstari ukashuka wote, taratibu.

Naye mzee kama kawaida yake, "Upo?"

"Nyamaza, baba, nakutibu!" nilimwambia kwa sauti, kana kwamba anasikia.

Shemeji akatikisa kichwa. "Wewe nawe. Kila siku dawa, dawa, dawa, na kila siku unashindwa. Sikio la kufa halisikii..."

Akaishia hapo. Ni msemo tu, watu husema hivyo kwa mtu mbishi, lakini humu ndani una mahali pake pa kuchoma. Akaangalia lile kochi, kisha akaangalia kikombe. Akasema anakwenda kuona mvua imefikia wapi, na mvua ilikuwa inasikika.

Nilikuwa sitaki kuandika habari za kochi. Tuache.

Jumamosi, 9 Mei

Leo nitaandika yote.

Niliona pembeni ya kibanda kijia sikuwahi kukifuata. Kinashuka kwenda chemchemi, na nilisoma mahali kwamba maji ya chemchemi ya juu huponya lolote. Nikasema, kumbe! Hapa ndipo siri ilipo. Mzee alikuwa anaongea kuhusu kengele fulani. Nikachukua chupa nikatoka mbio. Nyuma yangu nikaona maneno, "Upo?" Nikasema moyoni, nakuja sasa hivi.

Chemchemi ilikuwa mbali. Nilichota. Nilirudi nakimbia, nimeegemea mbele kwenye kiti, moyo unanidunda kama wa msichana. Nikasukuma mlango nikiwa na chupa mkononi.

Kitanda kitupu. Mshumaa unatoa moshi.

Nilibaki namtazama yule mwanamke wa kwenye kioo, amesimama mlangoni na chupa yake. Nikamjua. Ni mimi.

Mume wangu aliugulia pale kwenye kochi, wiki tatu. Siku moja kabla hajafa daktari alikuja nyumbani, akanishika bega, akasema, "Dawa zimefika mwisho, Mama. Sasa ni kumlowesha midomo na kukaa naye." Nilimsikia. Nilimwelewa. Asubuhi yake nikavaa viatu, nikasema kuna dawa nyingine, kuna duka upande wa pili wa mji hatujaliuliza. Chiriku alikuwa amekaa sakafuni ameushika mkono wa baba yake. Akasema, "Mama, kaa. Usiende. Kaa tu." Nikamwambia, "Nakuja sasa hivi."

Nilizunguka maduka matano. Mvua ilikuwa inanyesha kama hii. La tano walikuwa nayo. Niliirudisha nyumbani kifuani ndani ya blauzi isilowe, nikautoa mfuko, nikasukuma mlango nikiwa nao mkononi. Chiriku alikuwa bado ameushika mkono, lakini alikuwa ameshamfumba macho. Peke yake. Alikuwa na miaka ishirini na mbili.

Na msibani, kila aliyenipa pole nilimwambia, "Nilifanya kila nililoweza." Nilisema mbele yake, mara mia. Kila nikilisema alikuwa anaondoka chumbani, nami nikidhani ni uchungu wa baba.

Mimi ni mtu wa mikono. Mama yangu alinilea na neno moja, mkono mtupu haulambwi. Sijawahi kuingia kwa mgonjwa bila kubeba kitu, sijawahi kukaa na mtu bila kuwa na nguo ya kupiga pindo mapajani. Kukaa mikono mitupu mbele ya mtu anayekufa, na yule mtu ni wangu, sikuweza. Afadhali mvua, afadhali maduka matano. Nilikimbia, na kukimbia kwangu nikakuita juhudi.

Ile dawa iko kabatini mpaka leo, chini ya mashuka, haijafunguliwa.

Jumanne, 12 Mei

Sijawasha mashine. Karai limejaa, nimemwaga.

Ijumaa, 15 Mei

Shemeji amekuja, hakutania. Nikamsomea nilichoandika Jumamosi. Alisikiliza akiwa amesimama.

"Ulikuwa unajua?" nikamuuliza.

"Shemeji, hakuna aliyewahi kusema hukujitahidi. Hata mtoto hakusema hivyo. Mtoto alisema ukae."

Alipoondoka niliwasha. Chiriku alikuwa langoni mwa mji, amesimama kama kawaida yake. Nikasimama kando yake. Nikaandika, "Ulipataje joho lako? Najua husemi siri. Niambie tu kama lilikuwa gumu."

Akaandika: "Nilishindwa mara kumi na tisa."

Kumi na tisa! Mimi nimeshindwa mara nane nikadhani nimeonewa.

"Ulikuwa unakosea nini?"

"Siruhusiwi kusema. Kosa lile lile kila mara. Kitu ninachokijua sana kukifanya ndicho kilichokuwa kinaniangusha."

Mvua ilikuwa inanyesha huko na huku. Matone yanateleza kwenye ngao yake, matone yanaanguka kwenye karai langu. Nikamtazama mtoto huyo, aliyesimama peke yake mbele ya lango lake mara kumi na tisa na hakuna aliyejua, na nikaona ajabu kwamba huyu ametoka tumboni mwangu.

Jumapili, 17 Mei

Nilioga kwanza. Nikavaa gauni safi. Sijui kwa nini, ilionekana ndiyo adabu.

Kapu nililiacha nje ya kibanda. Niliingia mikono mitupu. Kuna kigoda karibu na kitanda, mara zote nane nilikuwa nakitumia kuwekea kinu. Nikakikalia.

Mfua Kengele akaanza kuongea, na kwa mara ya kwanza nikamsoma anachosema. Anasimulia kengele yake ya kwanza. Ilipasuka alipoitoa kwenye moto, ikawa sauti yake mbaya kama ya sufuria, na bwana wake akamwambia aitupe. Hakuitupa. Aliitundika mlangoni kwake, na mkewe akawa anajua kila anapoingia.

"Upo?"

Nikabonyeza kitufe kirefu. *Nipo.*

Mstari mwekundu ukashuka. Vidole vyangu vikataka kapu, vikataka kitu chochote. Nikaviweka mapajani nikavifumbata kama mtoto wa darasani. Jasho lilinitoka. Mstari unashuka na mimi naangalia, sifanyi kitu, na kutofanya kitu ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya maishani, na nimewahi kushona gauni la harusi kwa siku moja.

Akasimulia mto alimoogelea. Akasimulia mbwa. Mambo madogo madogo.

"Upo?"

*Nipo.*

Mstari ukawa mwembamba kama uzi. Midomo yake ikasogea, herufi zikatokea moja moja.

"Upo?"

*Nipo, baba. Nipo.* Hilo la pili nililisema kwa mdomo.

Mshumaa ukazimika wenyewe. Lakini safari hii chumba hakikuwa giza, dirishani kulikuwa kunapambazuka.

Na kengele zikaanza.

Ya kwanza ilikuwa mbaya, imepasuka, sauti ya sufuria, karibu kabisa, mlangoni. Halafu ya bondeni ikaitika, ya mjini, ya sokoni, ya ng'ambo ya mto, moja baada ya nyingine mpaka milimani, nchi nzima inalia. Nikajua kwamba sokoni watu wamesimama na vichwa wameinamisha, majitu na wachawi na wezi, kwa ajili ya Mama Uzi. Nililia kwa sauti. Jirani aligonga ukuta kuuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo, lakini zamani.

Nilipotoka nje nilikuwa nimevaa joho jeupe. Nimelikagua, nisingekuwa mimi. Halina hata mfuko mmoja.

Huko chini kwenye njia kulikuwa na mtu wa chuma anapanda. Ngao hakimbii kamwe, Walinzi wa Lango hawakimbii, ndivyo walivyo. Alikuwa anakimbia.

Jumatatu, 18 Mei

Simu imelia saa tisa alasiri.

Nilipokea. Hakusema kitu. Nikataka kuuliza amekula nini, kuna baridi gani, kazi vipi, nilikuwa na maswali kumi ya kuziba ule ukimya. Nikaviweka vidole mapajani. Nilisikia birika lake linachemka. Nilisikia kijiko kwenye kikombe, anakoroga kama baba yake, mizunguko mingi kuliko sukari inavyohitaji.

Mwisho akasema, "Baba aliuliza, Mama."

"Aliuliza nini?"

"Aliuliza kama upo. 'Mama yupo?' Mara tatu. Nikamwambia yupo, yuko jikoni, anachemsha maji. Nilimdanganya. Alikufa akijua uko jikoni. Siku zote hizi mimi ndiye nimekaa na huo uongo, na nikisikia sauti yako nausikia."

Yale maneno yangu ya msibani yalinijia mpaka kwenye meno. Nikayameza.

"Nilikimbia, mwanangu. Dawa ilikuwa kisingizio. Niliogopa kukaa, nikakuachia wewe ukae, na wewe ulikuwa mtoto. Ule uongo ni wangu, wewe ulinibebea tu. Nipe nibebe mwenyewe."

Alilia. Sikumwambia anyamaze. Nilikaa naye mpaka alipomaliza, na chai yake ikapoa.

"Ulipomwambia niko jikoni," nikamuuliza, "alifanyaje?"

"Alitulia," akasema. "Alitulia kabisa, Mama."

Jumatano, 20 Mei

Nimeitoa dawa kabatini. Muda wake umepita. Nimempa Shemeji akaitupe anakojua, sikutaka kuona.

Jumapili, 24 Mei

Siku mbili hakuna mvua. Mwalimu Mkuu amesema zipu imekaa vizuri sasa. Chiriku amepiga simu, tumegombana kuhusu vitunguu. Nimefurahi sana.

Jumamosi, 30 Mei

Tumepanda mlima.

Nimetumia jioni nzima kutafuta maneno. Theluji sijawahi kuigusa na sasa naijua. Tulitembea kwenye ukingo mwembamba kama pindo, mawingu chini ya miguu yetu, na upande wa pili bahari ya milima mingine isiyo na mwisho. Joka lilipita juu bila kutuangalia, kivuli chake kikatufunika dakika nzima. Mrusha mishale alijeruhiwa nikamtibu. Akaandika, "Samahani kwa lile neno la kikohozi." Nikamjibu kwamba kikohozi nacho natibu.

Karibu na kilele upepo ukawa mkali, theluji ikafunika kioo chote. Sikumwona tena Ngao. Nilikuwa wa mwisho kwenye mstari. Niliona weupe tu, na nyayo zake mbele yangu zinaanza kufukiwa. Hapa chumbani mvua ilikuwa imekatika kabisa, karai limekauka, na Shemeji amesimama nyuma ya kiti na kikombe chake, hapumui.

Halafu kwenye ule weupe zikatokea herufi, za bluu, rangi ya joho lake.

"Mama, upo?"

Nikabonyeza kitufe kile kile kirefu.